Kitabu Alichochagua Mama

Kitui mjini: vitabu viwili

Wenzangu wa kikundi cha kina mama hapa Matinyani, mmenichosha. Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwenye foleni ya kusaga unga, na juzi mmoja wenu aliniuliza matangani, marehemu akiwa bado hajazikwa: "Mwalimu Ndunge, pwani kulikuwaje? Na mlitumia kitabu gani cha safari, tukinunue na sisi?" Nikianza kujibu mnanikatiza kabla sijafika Kanyangi. Basi nimeandika. Ualimu nimestaafu, lakini kalamu haijanistaafu. Mambo ya kukodi gari na kuomba ruhusa huku na kule siyasemi, hayana utamu. Na atakayesema nimetia chumvi, aje nyumbani nimwonyeshe kiatu.

Mnajua ilivyoanza. Daktari wa macho alisema macho ya mama yangu, Syombua, yanafungika polepole na hayatafunguka tena. "Kama kuna kitu anatamani kuona, aone sasa." Nikamwuliza mama anatamani kuona nini, nikidhani atataja wajukuu walioko Nairobi. Akasema, "Bahari."

Sababu niliijua tangu utotoni. Baba alifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi, akija likizo na kurudi. Kila akija alisimulia maji makubwa yasiyo na ng'ambo. Mama alimcheka mbele za watu. Maji gani hayana ng'ambo? Hata mto Athi ukifurika una ng'ambo! "Mwongo wewe, kuna kitu unanificha huko." Waligombana kwa neno hilo hilo mpaka baba akaacha kusimulia, akafa akiwa ameacha. Sasa mama alitaka kujua kama alimwonea mumewe, ili kama ni hivyo amwombe msamaha. Hilo tu ndilo lililotutoa nyumbani.

Kitabu tulikitafuta kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Kitui. Tulikuwa na dereva wetu, Athumani, mzaliwa wa Kitui ambaye babu yake alitoka pwani. Kitui nzima inaamini Athumani anaijua pwani kama kiganja chake. Ukweli ni kwamba alikwenda mara moja, akiwa na miaka sita, akatapika njia nzima.

Vitabu vilikuwa viwili. Cha kwanza kipya, karatasi zinateleza, picha za rangi, ramani ya kukunjua, hoteli zote za barabara ya pwani zimepangwa kwa nyota. Cha pili kizee, jalada limetoka, kimefunikwa kwa karatasi ya kaki kama daftari la shule. Ndani ni Kiingereza cha zamani, na pembeni mwa kurasa kumejaa maandishi ya penseli kwa Kiswahili, yamekandamizwa sana. Mimi na Athumani tulishachagua kile kipya. Mama akasema, "Nipeni vyote."

Akaviweka mapajani. Alifunua kurasa taratibu huku uso wake ukielekea barabarani, na vidole vyake vinashuka pembeni mwa karatasi mstari kwa mstari. Nilimwona akifanya hivyo. Nataka mlikumbuke hilo, kwamba nilimwona kwa macho yangu.

"Hiki kipya kinateleza tu," akasema. "Hiki kingine."

"Mama, hicho hakina hata picha!"

"Mwaitu, hiki."

Akishaniita Mwaitu huwa siwezi kubishana. Nikakichukua. Muuzaji alinifungia kwenye gazeti bila kunitazama usoni.

"Hicho hakikai," akasema. "Kinaenda, kinarudi."

"Kinarudishwa na nani?"

"Kila mara mtu mwingine," akasema, akageukia mteja mwingine.

Kanyangi: saa sita na nusu

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na penseli hivi: *Usipite Kibwezi. Pita Kanyangi, vuka Athi, fika Mbumbuni. Usisome mbele ya pale ulipofika.*

Athumani alishika kiuno. "Mwalimu, lami ya Kibwezi ipo, imenyooka. Kwa nini tuzunguke kama watu wanaotoroka?"

Nilikubaliana naye kabisa. Lakini mama, aliyekuwa ameshajipanga kiti cha nyuma na leso yake magotini, akauliza, "Kitabu kimesemaje?" Nikamsomea. "Basi," akasema.

Njiani Athumani alikuwa na swali linalomwasha. Mama alikuwa amemwambia, "Endesha, huyu mama mkwe wangu hapendi kuchelewa," huku akinionyesha mimi. Mimi nina miaka hamsini na kitu, mama ana zaidi ya sabini.

"Samahani, Mwalimu. Mama mkwe ni nani hapa?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba kwetu sisi Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na akipewa jina amepewa mtu mzima. Mimi ni Ndunge, kwa susu Ndunge, bibi yangu. Baba aliniita mama yake mpaka akafa. Mama yangu hajawahi kunichapa, hajawahi kuniambia neno la aibu, na hata jina langu hajawahi kulitamka, kwa kuwa ni jina la mama mkwe wake. Huniita Mwaitu, yaani mama, kama alivyomwita susu. Kati ya mtu na mama mkwe kuna nthoni, ile haya ya heshima inayofunga mdomo.

"Subhanallah. Na huyo bibi mwenyewe alikuwaje?"

"Mkali. Mguu wa kushoto uliharibiwa na mwiba, akawa anauburuta. Tulikuwa tunamsikia kabla hatujamwona."

Nyuma mama aliinyoosha leso yake magotini.

Karibu na Kanyangi nikasoma: *Simama kabla ya soko. Zima injini. Fungua dirisha la kushoto. Usiseme kitu mpaka aseme yeye.*

"Aseme nani?" Athumani akauliza.

"Mimi nitajuaje?"

Haikuwa siku ya soko. Vibanda vilikuwa vitupu, jua limekaa juu ya mabati, barabara nyeupe, hata kuku hakuna. Nilishuka kunyoosha miguu, na hapo hapo ukanda wa kiatu changu cha kushoto ukakatika. Nikarudi garini nikinung'unika. Tulikaa kimya mpaka nikasikia jasho likitiririka mgongoni.

Mama akaanza kusema kwa sauti ndogo. "Mbuzi watatu. Mmoja ana kengele. Mwanamke anatwanga, mchi ni mzito, amechoka. Kuna mtu anakohoa ndani ya nyumba. Na mvua imenyesha mbali huko."

Nikatazama nje. Hakukuwa na mbuzi, wala mwanamke, wala nyumba. Mbinguni hakuna hata wingu.

"Mama, unawaona wapi?"

"Si hapo," akasema, akiinua kidevu kuelekea barabara ya mbele.

Athumani aliwasha gari bila kuambiwa. Tulipopita kona ya pili tukawakuta: mbuzi watatu, wa mbele ana kengele, na mwanamke ameinamia kinu mlangoni pa nyumba. Aliacha kutwanga akatutazama mpaka tukapotea. Nikajiambia, mama ana masikio mazuri, Mungu ampe nini tena. Lakini nilifunga dirisha la kushoto.

Mto Athi: daraja kwa miguu

Kitabu kilisema: *Abiria washuke, wavuke kwa miguu. Gari lifuate. Asigeuke mtu.*

"Hii ni amri ya polisi au ni kitabu cha utalii?" nilisema. Nilikuwa nimeanza kukasirikia penseli ile. Nilifundisha miaka mingi na sijazoea kuamrishwa na mtu asiyeweka jina. Lakini mama alishafungua mlango.

Alitangulia yeye, mkono mmoja juu ya ukingo wa daraja. Mimi nyuma yake, nikiburuta kiatu changu. Gari la Athumani nyuma kabisa, likija pole pole. Chini maji yalikuwa mekundu, yanakwenda bila haraka.

Katikati ya daraja mama akasimama.

"Tuko wangapi?"

"Wawili, na Athumani garini."

"Hesabu tena."

Sikugeuka. Sijui ni kwa sababu kitabu kilikataza, au ni kwa sababu shingo yangu ilikataa. Upepo ulikuwa umekufa. Nilisikia maji, nikasikia injini. Halafu, nawaambia kama mzee wa kanisa niliyewaombea watu wenye mapepo bila kutetemeka, nilisikia kitu kama mchanga unaoburutwa. Shaa. Kimya. Shaa. Na mimi nilikuwa nimesimama.

Mama akasema kwa upole, na hakuwa akisema nami, "Naenda tu kuangalia. Nitarudi."

Kisha akaondoka kwa mwendo ambao sijauona kwake tangu aolewe mdogo wangu. Nilimfuata mbio, roho mkononi, kiatu nimekishika. Tulipofika upande wa pili nilimkabili Athumani dirishani.

"Umeona mtu darajani?"

"Niliwaona nyinyi tu," akasema. Uso wake ulikuwa na jasho. "Lakini nilikuwa naogopa kukanyaga mafuta, Mwalimu, nisije nikamgusa mtu. Usiniulize mtu gani."

Mbumbuni: vikombe vinne

*Mlango wa kijani nyuma ya soko. Kuleni. Msiondoke mpaka muambiwe.*

Mlango ulikuwepo. Kabla hatujabisha ukafunguliwa na mwanamke wa makamo, aproni kiunoni, akasema, "Karibuni. Mmechelewa, muthokoi imeanza kupoa."

"Ulijuaje tunakuja?"

"Nimeona kitabu."

"Umesema tumechelewa kabla sijakitoa kwenye mkoba."

Alicheka tu. Jina lake Kamene. Hakumshika mama mkono, alimshika kiwiko, akampeleka mpaka kwenye kiti na kumwekea mkono wake juu ya meza. Njiani kutoka mlangoni hadi kitini walinong'ona kitu. Kisha akaleta vikombe vya chai, vinne.

"Tuko watatu," nikasema.

"Mama ameniambia mko wanne."

Athumani akasogeza kiti chake karibu na mlango.

Muthokoi ile, sina la kusema. Mahindi yametwangwa yakatoka maganda sawasawa, maharagwe laini, vitunguu havikuungua. Athumani alikula sahani mbili na uoga wake wote. Kilichoniudhi ni jinsi yule mwanamke alivyomhudumia mama. "Muthokoi iko mbele yako. Sukuma wiki iko upande wa mlango. Chai mkono wa kulia, ni ya moto."

"Mama yangu si mtoto," nikamwambia.

"Sijasema ni mtoto."

Nilimfuata jikoni nikiwa nimevimba. Nilitaka kujua kitabu kile ni cha nani na yeye ni nani katika mambo haya. Alikuwa anasugua sufuria.

"Sijui nani alianza kuandika," akasema. "Kimepita hapa mara nyingi, na watu tofauti. Wanakula, wanaenda. Wewe ni nani wake?"

"Binti yake. Wa kwanza."

"Jina?"

"Ndunge. Jina la susu, mama ya baba."

Aliacha kusugua. "Aaa. Basi ndiyo maana hajakwambia."

"Hajaniambia nini?"

"Hilo si langu kusema."

Wenzangu, niliingiwa na baridi saa tisa ya mchana. Niliwaza moja kwa moja kifo. Nikawaza mama ana uvimbe mahali, daktari amemwambia akiwa peke yake, na safari hii ni ya kuaga. Nilirudi mezani nikamtazama akitafuna taratibu, na machozi yalinilenga.

Tulikaa pale kwa muda wa saa tatu. Kila Athumani akiinuka, Kamene alisema, "Bado." Hatimaye alitoka nje, akasikiliza barabara, akarudi. "Sasa nendeni. Ametulia."

Sikuuliza nani. Lakini alipokusanya vikombe nilichungulia kile cha nne. Kilikuwa na majani ya chai chini, na kilikuwa kitupu. Nilimshuku Athumani, maana chai anaipenda kuliko nafsi yake. Garini aliapa kwa Mungu wake kwamba hakukigusa.

Wote, Makindu, Mtito Andei

Tulilala mji wa Wote na asubuhi tukashika njia ya Makindu. Hapo sina mengi. Penseli ilisema mambo madogo: *Hapa kuna harufu ya machungwa, fungua vioo.* *Hapa mwambie ashike gome la mti ulio karibu na kisima.* Tulifanya yote. Mama alifurahi kama anayesomewa barua. Makindu tulikula nyama choma, na Athumani, aliyekuwa ameshazoea, akamwambia mhudumu, "Mama mkwe apewe kwanza." Mhudumu akampelekea mama. Mama akakataa kugusa mpaka nimeletewa mimi. Mhudumu akapeleka sahani huku na huku mara tatu, akaishia kutuomba radhi bila kujua kosa lake. Nilicheka, lakini cheko halikufika tumboni. Neno la Kamene lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ningeweza kusoma mbele nijue. Sikusoma. Sijawahi kuiba mtihani na sikutaka kuanza uzeeni.

Mtito Andei, mpakani mwa Makueni, tuliegesha kando ya malori. Nikafungua ukurasa, nikasoma kwa sauti bila kufikiri:

*Hapa ataeleza. Usikasirike.*

Chini yake, kwa mwandiko mwingine: *Nilikasirika.*

Na chini yake, mwandiko wa tatu: *Hata mimi.*

Lori moja lilipita na gari letu likatikisika.

"Ndunge," mama akasema.

Nilishtuka kuliko darajani. Zaidi ya miaka hamsini, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina langu kinywani mwa mama yangu.

"Ndunge, sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni. Si kidogo. Giza, tangu mvua zilizopita."

Nilikasirika. Sitawaficha. Nilishuka, nikabamiza mlango, nikasema maneno mbele ya madereva wa malori. "Tumetoka Matinyani! Tumezunguka kama wendawazimu! Tumemleta kipofu kuonyeshwa bahari!"

"Mwalimu, watu wanasikia," Athumani akasema.

"Wasikie!"

Lakini hasira ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikumbuka kamba ya katani kutoka mlango wake hadi jikoni, aliyosema ni ya kuanikia nguo na sijawahi kuona nguo juu yake. Nilikumbuka chai aliyotia chumvi. Nilikumbuka alivyoniomba kila jioni nimsomee Biblia kwa sababu "sauti yako ni nzuri." Na kule Kitui, vidole vyake vikishuka pembeni mwa karatasi. Mimi, niliyejisifu kwamba namwona mtoto anayenakili akiwa dawati la mwisho! Wanasema macho hayana pazia. Yangu yalikuwa nalo.

Nikarudi garini. "Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa amekunja mikono mapajani. "Nilipokuwa bibi arusi, baba yako alinitumia ujumbe nimfuate Mombasa nione hayo maji. Nikaomba ruhusa kwa mama mkwe. Akaniambia, 'Na shamba atalima nani?' Sikwenda. Mume wako akirudi na kusimulia kitu ulichokatazwa, utafanyaje? Utasema hakipo. Nilimwita mwongo kwa sababu nilikuwa na uchungu." Akaikunjua leso. "Sasa jina lake unalo wewe. Ningekwambia sioni, ungesema nini?"

Nilifikiria kusema uongo. Nikashindwa.

"Ningesema haina maana tena, tukae nyumbani."

"Ee. Ungenikataza mara ya pili. Na pale darajani alikuwa nyuma yetu. Niliusikia mguu."

Hapo nilipata mahali pa kushika. "Mama, ule mguu ulikuwa wangu! Kiatu kilikatika Kanyangi." Nikakivua, nikamwekea mikononi. Alikipapasa, akaushika ukanda uliokatika, akaupima kwa kidole.

"Hiki nilikisikia," akasema. "Kilikuwa nyuma yangu. Yeye alikuwa nyuma yako."

Athumani aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. "Mwalimu, mimi ni dereva tu. Twende mbele au turudi?"

Mama hakusema. Hangeweza kusema, nthoni haimruhusu. Aliketi akiinamisha kichwa kidogo, kikongwe na mvi zake, akisubiri ruhusa kama msichana aliyeolewa wiki jana. Na nikaona kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumpa.

Nikafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na kavu, na ilisema Kikamba cha watu wa zamani ambacho mimi sikitumii. Nawaandikia maana yake.

"Syombua. Nenda ukaone. Shamba nitalima mimi."

Mama alifunika uso kwa leso akalia kwa sauti. Athumani aliwasha gari, na yeye mwenyewe anafuta macho kwa mkono wa shati.

Pwani: ukurasa usio na penseli

Tulilala njiani, na kuanzia Mombasa kwenda Kilifi nilikielewa kile kitabu. *Mashamba ya mkonge, mistari imenyooka, mwambie ahesabu upepo ukikatika.* *Hapa harufu ya chumvi inazidi.* Kile kipya chenye nyota kingetuambia tutazame kulia. Hiki kiliandikwa na watu waliokuwa na mtu kando yao asiyeona.

Tulikata kona kwenye njia ya mchanga, saa nne asubuhi, jua kali. Ukurasa wa mwisho haukuwa na neno hata moja la penseli. Ulikuwa tu umechakaa na kuingia mafuta, kama mlango unaoshikwa na wengi.

Mama alivua viatu. Nilimshika kiwiko, kama Kamene alivyofanya, na tukashuka mpaka maji yakamfika magotini. Wimbi likamsukuma, akayumba, akacheka.

"Ndunge. Ng'ambo unaiona?"

"Siioni."

"Tazama vizuri, wewe una macho."

Nikatazama. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. "Mama, haipo. Ni maji tu, mpaka yanashikana na mbingu."

"Athumani?"

"Sioni kitu, mama."

"Kwa hiyo sisi sote watatu hatuioni," mama akasema. Alisema hivyo polepole, kama anayehakikisha jibu la hesabu. Kisha akainamia maji, akayachota kwa viganja na kuyaonja. "Baba Ndunge," akasema, "nisamehe. Hukusema uongo."

Mimi nilisimama pale na sketi yangu imelowa, nikilia bila aibu yoyote.

Matinyani

Kurudi tulipita Kibwezi. Athumani alisema lile daraja atalivuka siku akifa, na sikumlazimisha.

Kitabu nimekirudisha kwa yule muuzaji. Hakuniuliza kitu, alikiweka chini ya kile kipya. Kwa hiyo msinisumbue tena kuhusu jina lake, jalada hakina. Mkitaka picha, chukueni kile cha nyota, ni kizuri. Kile kingine hamtakichagua nyinyi, atakichagua mtu wenu. Ule ukurasa wa mwisho niliuandikia penseli, nikakandamiza sana: *Hapa muulizane kama ng'ambo inaonekana.*

Kamba ya katani nimeitoa, nimefunga mpya nene zaidi. Shamba la mama nalilima mimi, kama nilivyoahidi, na mgongo unanieleza kila jioni. Kiatu fundi amekishona, hakiburuti tena, njooni mkione.

Ila kila asubuhi nikienda kwake na birika la chai, mama huinua mkono nisimame mlangoni. Husikiliza kwanza. Mara nyingi husema, "Leo umekuja peke yako, Ndunge. Ingia." Siku nyingine hasemi hivyo. Hupapasa rafu, akatoa kikombe cha tatu, na mimi humimina.